Kikosi hakiliwi, kinakimbia: kucheza vita vya ngao mezani

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni marafiki wanne hapa Mwanza, tumezoea drafti na karata. Siku hizi tumevutiwa na vita vya kale vya Ulaya, zama za Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka kaskazini, tukajaribu kuvicheza mezani kwa kitabu cha kanuni chenye kurasa karibu mia. Tulianza saa nane mchana. Saa mbili usiku hatukuwa tumemaliza raundi ya tatu, wawili wamenuniana na mmoja amelala kwenye kochi. Vinyago hatuna, na bei yake hatuiwezi. Je, kuna namna rahisi ya kucheza vita hivi, vikaisha jioni moja, na bado mtu akahisi amepigana vita vya wakati ule na si drafti iliyobadilishwa majina?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Namna ipo, na nimekaa kukuandikia kirefu kwa sababu ya maneno yako ya mwisho, hayo ya drafti iliyobadilishwa majina. Umegusa penyewe. Michezo mingi ya vita inayowachosha watu ni drafti ya aina hiyo: kete inasogea, inakula, inaliwa, na kurasa zile mia zote zinajadili tu shoka linakula vipi na upanga unakula vipi.

Vita vya karne ya 9, 10 na 11 kule Uingereza havikuwa hivyo. Watu walisimama kwa miguu bega kwa bega, kila mmoja na ngao yake ya mviringo ya mbao, mkuki mkononi, na mstari mzima ukawa kitu kimoja ambacho wao wenyewe walikiita ukuta wa ngao. Upanga ulikuwa mali ya wenye uwezo. Silaha ya mtu wa kawaida ilikuwa mkuki. Kuta mbili zilisukumana, zikachomana, zikarudi nyuma kuvuta pumzi, zikarudiana tena. Jambo lililoamua siku ni upande gani utaanza kugeuza shingo. Mtu mmoja akikimbia, jirani yake anabaki ubavu wazi, naye anaondoka, na wa tatu hana sababu ya kubaki. Mauaji makubwa yalikuja baada ya hapo, kwa watu waliokwisha kugeuza migongo.

Kwa hiyo ukitaka mchezo rahisi wenye ladha ya zama zile, jenga kanuni zako juu ya jambo moja: moyo. Kikosi hakiliwi, kinakimbia. Ukilishika hili unaweza kutupa kurasa tisini na tano katika zile mia bila kupoteza chochote.

Nitakupa vita kamili, nivipendavyo kuliko vyote kwa kuanzia: Maldon, Agosti ya mwaka 991. Nakuomba kwanza usome kisa chenyewe, maana kila kanuni nitakayokupa imetoka humo.

Maldon ni mji wa Essex, mashariki ya Uingereza, kando ya mlango wa mto Blackwater. Waviking walifika kwa merikebu wakatua kwenye kisiwa kidogo, ambacho wanahistoria wengi wanakubali kuwa ni Northey. Kati ya kisiwa na bara pana tuta jembamba. Maji yakijaa linafunikwa, yakipwa linatokeza. Wewe uliyekulia ziwani mwulize mtu wa Tanga au wa Lamu, atakueleza jinsi njia ya miguu inavyoweza kumezwa na bahari mchana kweupe. Ukifika Northey leo utalikuta tuta, na bado linafunikwa na maji.

Upande wa bara alikuwepo Byrhtnoth, mtawala wa Essex kwa niaba ya Mfalme Æthelred, mzee wa mvi. Aliwapanga watu wake, akawaonyesha namna ya kushika ngao, akashuka kwenye farasi, akaenda kusimama katikati ya watu wa nyumba yake aliowaamini kuliko wote. Waviking walituma mjumbe kudai dhahabu ili waondoke kwa amani. Byrhtnoth akajibu kwamba kodi yao itakuwa mikuki. Wakatazamana ng'ambo kwa ng'ambo, maji yamejaa, hakuna anayeweza kumfikia mwenzake isipokuwa kwa mshale. Maji yalipopwa Waviking wakaanza kulijia tuta, na watu watatu, Wulfstan, Ælfhere na Maccus, wakasimama kuliziba.

Kisha likatokea jambo ambalo watu wanabishania hadi leo. Waviking waliomba waachwe wavuke ili vita vipiganwe vizuri, na Byrhtnoth akakubali. Shairi la Kiingereza cha kale linalosimulia siku hiyo (mwanzo na mwisho wake vimepotea, imebaki mistari 325) linasema alifanya hivyo kwa *ofermod*, neno ambalo wengine hulisoma kuwa kiburi na wengine moyo uliopita kiasi. Waviking wakavuka. Byrhtnoth akauawa. Hapo mtu aitwaye Godric, mwana wa Odda, akaruka juu ya farasi wa bwana wake na kukimbia pamoja na nduguze. Waliomwona kwa mbali walidhani ni Byrhtnoth mwenyewe anayeondoka, ukuta ukavunjika. Lakini watu wa nyumbani kwake hawakuondoka. Walibaki wakapigana kuuzunguka mwili wa bwana wao mpaka wakaisha. Mwaka huohuo Waingereza waliwalipa Waviking pauni 10,000 za fedha ili waache kuwashambulia.

Kila kitu unachohitaji kimo humo: mahali padogo, hakuna anayepigana juu ya farasi, uamuzi mmoja mgumu, na siku nzima inayogeuka kwa sababu mtu mmoja alionekana akikimbia.

Sasa vifaa. Vinyago achana navyo kwa sasa. Mcheza drafti hakosi vizibo vya soda, na vizibo ndivyo ninavyovitaka. Kusanya 79, mwenye genge au baa ya jirani atakupa na ziada. Kama kwenye drafti, upande mmoja uweke vizibo chali na mwingine kifudifudi. Kata vipande 13 vya boksi gumu, kila kimoja sentimita 10 kwa 7, na juu ya kila kipande panga vizibo sita, vitatu mbele na vitatu nyuma. Hicho ni kikosi kimoja. Andika ukingoni mwa boksi ni kikosi cha aina gani. Tafuta dadu kumi na mbili kama unaweza, lakini sita zinatosha mkipokezana. Chukua karata tisa na kijiti kimoja chenye urefu wa sentimita 15. Kijiti ni kimoja tu kwa meza nzima. Mkianza kupima kwa shubiri, kila mtu na mkono wake, mtarudi kwenye kununiana.

Meza ya mraba ya sentimita 90 inatosha, au mkeka sakafuni. Upande mmoja weka kitambaa cha buluu chenye upana wa kijiti kimoja, kikatize meza toka ukingo hadi ukingo: huo ndio mto. Katikati yake laza ubao mwembamba au rula: hilo ndilo tuta. Nyuma ya mto ni kisiwa.

Vikosi viko vya aina tatu tu. Walinzi ni watu wa nyumba ya bwana, waliokula chumvi yake na kupewa silaha naye. Wapiganaji ni watu wenye uzoefu wa vita. Mgambo ni wakulima walioitwa na mtawala wao, wakaja na mkuki na ngao. Waviking wana vikosi sita: wawe wachezaji wawili, kila mmoja na kikosi kimoja cha walinzi na viwili vya wapiganaji. Waingereza wana saba. Mchezaji wa kwanza ni Byrhtnoth mwenyewe, ana walinzi kikosi kimoja na mgambo viwili. Mwenzake ana kikosi kimoja cha wapiganaji na vitatu vya mgambo. Byrhtnoth mwakilishe kwa kizibo kimoja kilichopakwa rangi nyekundu, kiwekwe juu ya kikosi anachosimama nacho. Hakihesabiwi katika vile sita.

Zamu ndizo zilizowaua siku ile, nina hakika. Mtu anasubiri dakika arobaini mwenzake asogeze jeshi zima, lazima alale. Nimemwona binamu yangu akiondoka mezani hivyohivyo, akaenda kuosha vyombo, na hakurudi tena kwenye mchezo wa aina hiyo kwa miaka. Fanya hivi: kila mchezaji achague karata mbili ziwe zake, jumla nane, uongeze jokari moja. Changa karata, weka rundo katikati, funua moja moja. Karata yako ikitokea, vikosi vyako vyote vinasogea na kupigana. Jokari ikitokea, raundi imekwisha papo hapo. Kusanyeni karata zote, mchange upya.

Hesabu yake ni nzuri kuliko inavyoonekana. Kwa kila mchezaji, katika raundi yoyote, nafasi ya kucheza mara mbili ni theluthi moja, mara moja theluthi moja, na kutocheza kabisa theluthi moja. Kwa wastani kila mtu hucheza mara moja, lakini hakuna anayejua lini. Kamanda wa mwaka 991 alikuwa na sauti yake tu na tarumbeta, na watu wake mara walimsikia, mara hawakumsikia. Karata tisa zinakuletea hali hiyo bila kanuni hata moja ya "amri na mawasiliano". Na hakuna anayelala, kwa sababu karata inayofuata inaweza kuwa yake.

Kikosi husogea kijiti kimoja. Kikisogea nusu kijiti au kikisimama, na kikawa kinagusana ubavu kwa ubavu na kikosi cha rafiki, kimo ndani ya ukuta wa ngao. Tazama vizuri sharti hilo la pili. Kikosi kilicho peke yake hakiwezi kufanya ukuta, hata kiwe cha walinzi. Ukuta ni jirani yako. Kanuni hii pekee itawafanya mpange mistari mirefu iliyonyooka bila kuambiwa, na itawafanya muogope pengo.

Badala ya kusogea, kikosi ambacho hakijagusana na adui kinaweza kurusha mikuki na mishale kwa adui aliye ndani ya kijiti kimoja: dadu mbili, kila 6 inaondoa kizibo. Ni kidogo, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Msiiongeze.

Kupigana: ukimfikia adui na kumgusa, au karata yako ikifunuliwa mkiwa mmeshagusana, nyote wawili mnatupa dadu kwa wakati mmoja, dadu moja kwa kila kizibo kilichobaki. Walinzi wanapata kwa 4, 5 au 6. Wapiganaji na mgambo wanapata kwa 5 au 6. Adui akiwa ndani ya ukuta wa ngao na unampiga kwa mbele, inakuwa vigumu kwa alama moja: walinzi wanahitaji 5 au 6, wengine 6 tupu. Kila pato linaondoa kizibo kimoja. Kizibo hicho si lazima kiwe maiti. Ni watu waliojeruhiwa, waliochoka, walioanza kurudi safu ya nyuma kidogo kidogo bila kuaga.

Pengine umeshaona kitu na unajiuliza kama nimekosea: mgambo na Mviking mzoefu wanapata kwa alama ileile. Sikukosea. Ncha ya mkuki wa mkulima wa Essex inachoma sawasawa na ya mtu aliyetoka Denmark. Tofauti yao haiko kwenye chuma, iko kwenye nani atabaki akisimama baada ya wenzake wawili kuanguka. Kitabu chenu cha kurasa mia kiliweka tofauti hiyo mahali pasipo pake, kwenye silaha, ndiyo maana kikahitaji majedwali yote yale.

Aliyepoteza vizibo vingi katika pigano hilo anarudi nyuma nusu kijiti na kupimwa moyo. Mkitoka sare, hakuna anayerudi. Aliyeshinda anaweza kufuata na kubaki ameshikana na adui, au akabaki mahali pake ili asiuvunje ukuta. Uamuzi huo ni mdogo lakini utawatoa jasho, na kuna vita vya zama zile vilivyogeuka hapo hasa, kwa watu waliofuata mbio na kuacha mahali pao.

Kupima moyo ni dadu mbili, unajumlisha. Walinzi wanasimama kwa 5 na kuendelea, wapiganaji kwa 6, mgambo kwa 7. Ongeza 1 kama bwana yuko ndani ya kijiti kimoja. Toa 1 kama kikosi kimebakiwa na vizibo vitatu au pungufu. Kikishindwa, kinakimbia: kiondoe mezani kizima, na vikosi vyote vya rafiki vilivyo ndani ya kijiti kimoja vipimwe moyo hapo hapo, ila kikosi kimoja kisipimwe kwa sababu ya kuona wenzake wakikimbia zaidi ya mara moja katika raundi moja.

Hapa ndipo penye roho ya mchezo, kwa hiyo tukae kidogo. Dadu mbili zina matokeo 36. Walinzi husimama katika 30 kati ya hayo, wapiganaji katika 26, mgambo katika 21. Mgambo waliochakaa, vizibo vitatu na bwana yuko mbali, husimama katika 15 tu. Yaani wana uwezekano mkubwa wa kukimbia kuliko kubaki. Bwana akija kusimama karibu nao wanarudi kwenye 21. Kwa hiyo mchezaji wa Byrhtnoth atajikuta anakimbizana na kile kizibo chekundu kutoka ubavu hadi ubavu, akijua kwamba kila anakokwenda kuna kwingine anakokuacha. Hakuna kanuni iliyomlazimisha. Namba tatu zimemlazimisha.

Na bwana anaweza kufa. Kila mara kikosi alichosimama nacho kinapopoteza kizibo katika pigano, hata kama ni vitatu kwa mpigo, tupa dadu moja. Ikitoka 1, ameanguka. Papo hapo vikosi vyote vya Waingereza vinapimwa moyo, isipokuwa walinzi wake. Hao, tangu dakika hiyo, hawapimwi moyo tena hadi mwisho na wanapata kwa urahisi zaidi kwa alama moja: 3 na kuendelea, au 4 dhidi ya ukuta. Hawatakimbia. Watapunguzwa kizibo kimoja kimoja mpaka waishe. Mara ya kwanza nilipoicheza kanuni hii, walinzi waliobakiwa na vizibo vinne walikifukuza kikosi kizima cha Waviking kabla ya kumalizwa, na mchezaji aliyekuwa ameshindwa ndiye aliyekuwa amesimama kwa miguu yake akipiga kelele za furaha.

Sasa tuta na maji. Waingereza panga ukingoni mwa mto upande wa bara, Waviking wote kisiwani. Raundi ya 1 na ya 2 maji yamejaa, hakuna anayevuka. Rusheni mikuki tu. Kuanzia raundi ya 3 maji yamepwa. Tuta linabeba kikosi kimoja tu kwa wakati mmoja, na pigano lolote la kwenye tuta kila upande unatupa dadu zisizozidi tatu, kwa heshima ya wale watu watatu. Mtaona jinsi ilivyo vigumu kupita.

Kuanzia raundi hiyo ya 3, kila raundi inapoanza, mchezaji wa Byrhtnoth anaulizwa kwa sauti: je, unawaruhusu wavuke? Akisema ndiyo, Waingereza wote wanarudi vijiti viwili kutoka ukingoni, na Waviking wanapanga jeshi lao lote upande wa bara wanavyotaka. Akisema hapana, tuta linaendelea kuzibwa.

Swali la haki ni hili: kwa nini aseme ndiyo? Kama vita ni kuziba tuta, atakaa hapo mpaka kesho. Jibu ndilo ambalo wanahistoria wengi wanampa Byrhtnoth wa kweli. Waviking walikuwa na merikebu. Akiwazuia Maldon, watapanda merikebu zao na kwenda kuchoma mji mwingine asikoweza kuwafikia, na jeshi la wakulima haliwezi kukaa pamoja siku nyingi, mashamba yanawangoja. Siku hiyo alikuwa na watu wake mahali pamoja na adui mbele yake. Kwa hiyo kanuni ni hii: raundi ya 6 ikiisha bila ruhusa, kila raundi inayofuata Waviking watupe dadu moja, ikitoka 5 au 6 wameondoka na merikebu zao, na wamehesabiwa washindi. Waingereza hawashindi kwa kukaa. Wakishavuka, upande utakaopoteza vikosi vinne kwanza ndio ulioshindwa, lakini Byrhtnoth akiwa ameanguka na walinzi wake wangali wanasimama, mchezo hauishi mpaka nao waishe. Raundi ya 12 ikiisha bila hilo, jua limezama, na Waviking wamekosa walichokifuata: Waingereza wameshinda.

Ukijaribu kutengeneza vita vyako mwenyewe baadaye, anzia hapo, kwenye masharti ya ushindi. Watu huhangaika na mapanga, kumbe masharti ya ushindi ndiyo yanayomfanya mchezaji afikiri kama mtu wa zama zile. Mpe Byrhtnoth ushindi kwa kuziba tuta, atakuwa mlinzi wa geti. Mnyime ushindi huo, ataanza kuhangaika na kiburi chake mwenyewe.

Kuhusu ugomvi. Mtafute mtu wa tano awe mwamuzi, hata kama hajui kitu kuhusu Waviking, mradi anaheshimika na nyote. Asipokuwepo, mwamuzi wa pigano lolote awe mchezaji ambaye vikosi vyake havimo. Kanuni zangu hazitajibu kila kitu; kuna wakati kikosi kitakaa kimshazari na mtu aulize kama ubavu unagusana au haugusani. Mwamuzi aseme mara moja. Akishindwa kuamua, dadu: 1 hadi 3 hapana, 4 hadi 6 ndiyo, mnaendelea. Hoja iandikwe kwenye daftari mkaijadili baada ya mchezo, mkiwa na chai. Mwaka 1824 afisa kijana wa Prussia (dola ya Kijerumani ya wakati huo), Reisswitz, alipotoa mchezo wa vita wa kufundishia maafisa, mezani palikuwa na mwamuzi na dadu vilevile. Baadaye, miaka ya 1870, maafisa wengine waliochoshwa na wingi wa majedwali wakaamua mwamuzi mwenye uzoefu apewe mamlaka makubwa zaidi na kanuni zipunguzwe. Tatizo lenu la siku ile, basi, liliwahi kuwakera majeshi ya kweli, nao walilitatua kwa kumwamini mtu mmoja badala ya kuongeza kurasa.

Jioni ya kwanza msicheze Maldon nzima. Chukueni vikosi vitatu kwa vitatu, bila mto, mpigane nusu saa tu ili mikono izoee dadu na karata. Mtu mmoja aachwe bila jirani kwa makusudi, aone ukuta unavyomkosa. Kisha pangeni Maldon. Kwa wachezaji wanne waliokwisha kuelewa, raundi moja huchukua dakika saba au nane, na mkianza saa kumi na mbili jioni mtakuwa mmemaliza kabla ya saa mbili usiku. Badilishaneni pande siku ya pili. Byrhtnoth achezwe na kila mmoja wenu angalau mara moja, kumtazama mwenzako akiulizwa "je, wavuke?" na kuulizwa wewe ni mambo mawili tofauti.

Vinyago, mkivitaka siku moja, vipo vya plastiki vyenye urefu wa milimita 28 hivi, na mtu mwenye subira na brashi nyembamba anaweza kuvipendezesha sana. Mimi naviheshimu. Ila kabla ya fedha zenu kwenda huko, nawashauri mchore ngao kwenye karatasi, mkate duara dogo kwa kila kizibo, mbandike. Jeshi lenye ngao zilizochorwa na mikono yenu mtalijali kuliko mnavyodhani, na kikosi kikikimbia mtaumia kidogo, kama inavyopasa.

Mkishaizoea Maldon, nendeni Hastings, tarehe 14 Oktoba 1066. Hapo mtahitaji kitu kimoja kipya, farasi wa Wanormandi, wavamizi kutoka kaskazini ya Ufaransa: wapeni vijiti viwili vya mwendo, na wasiweze kabisa kufanya ukuta wa ngao. Mwekeni Harold, mfalme wa Waingereza, juu ya kilima na walinzi wake wa mashoka marefu, na William, kiongozi wa Wanormandi, bondeni. Siku ile uvumi ulienea kwamba William ameuawa, watu wake wakaanza kukimbia, mpaka akainua kofia yake ya chuma wauone uso wake. Kanuni yake mnayo tayari: moyo, na bwana ndani ya kijiti kimoja. Na Waingereza walioshuka kilimani kuwafukuza waliokimbia walizingirwa huko chini wakauawa, kama nilivyokwambia kuhusu kumfuata adui.

Mkishacheza Maldon mara tatu, niandikie tena, mwanangu. Nitapenda kujua kila mmoja wenu aliwaruhusu wavuke raundi ya ngapi, na kama kuna aliyekataa mpaka mwisho.